Kiti cha Mbele Kilikuwa Kimoja

Mwezi huu naomba tuyaweke kando ya mawifi na michango ya harusi, tuongelee magari. Najua dada zangu wengine hapo mmeshaanza kufunua ukurasa unaofuata. Tulieni kidogo, bado niko kwenye mambo ya nyumba. Ni vile tu safari hii mgogoro wenyewe ulikuwa umeegeshwa kwa jirani, hapa hapa Houston tunapoishi, una matairi manne na rangi ya chai ya maziwa.

Ni Lincoln Continental ya mwaka 1978. Mtu aliyezoea Vitz na Corolla za Bongo akiliona kwa mara ya kwanza anadhani ni magari mawili yamefuatana. Vitz zile za mwanzo zina urefu wa mita 3.6. Hili lina mita 5.9. Kwenye boneti unatandika godoro na nafasi ya mto inabaki. Taa za mbele mchana huzioni, zimefichwa nyuma ya vifuniko vinavyofunguka ukiziwasha, kama mtu anayeamshwa usingizini. Ndani kuna injini ya silinda nane, lita 7.5. Huo ndo mkoko, jamani, mengine yote tunajisifia tu.

Basi mume wangu akalipenda. Sisemi kupenda kule kwa kupita na kugeuza shingo, hiyo wanaume wote wanayo. Huyu alikuwa akirudi kazini anasimama kwanza kwenye uzio wa jirani, dakika tano, dakika kumi, chakula kinapoa. Jumamosi akaenda kusaidia kuliosha, yeye ambaye la kwetu analipeleka mashine. Halafu usiku mmoja, watoto wamelala, akalitoa la moyoni. Mzee jirani daktari amemkataza kuendesha sababu ya macho, watoto wake wanataka kuliuza gari, bei dola 8,500, na sisi hela tunazo.

Ni kweli tunazo. Ni za bati. Nyumba yetu ya Kibaha kuta zimesimama tangu mwaka juzi, mvua zimeshazipiga vya kutosha, na kila fundi akinitumia picha kwenye simu naona majani yameota sebuleni. Nikamwangalia mwenzangu, nikamuuliza, “Uko mzima kweli?” Akanijibu kwamba mimi sielewi. Siku tatu zilizofuata nyumbani kwetu kukawa na maongezi ya “Watoto wamekula?” na “Funguo ziko wapi?” Wanandoa mnaijua hali hiyo, siwafundishi.

Sasa mimi nikitaka kugombana natafuta kwanza hoja. Nikaanza kusoma habari za magari haya, nia yangu nimshinde mtu kwa takwimu. Kumbe hayuko peke yake. Nchi hii imejaa watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, ambao ukiwatajia Cadillac au Lincoln ya zamani macho yanalegea kama wametajiwa mchumba wa sekondari.

Na ukisoma unaona walikuwa na sababu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na hela, petroli ya bei chee, na barabara ndefu za kunyooka. Mwaka 1948 Cadillac ikatoka na mapezi mawili madogo nyuma, wazo likiwa limechukuliwa kwenye ndege ya kivita ya P-38. Kila miaka ikipita mapezi yanakua, hadi mwaka 1959 yakasimama kama ya papa, na taa nyekundu mbilimbili zenye ncha kama za roketi. Yalifanya kazi gani? Hakuna. Yalikuwa urembo, kama kucha ndefu. Nawaelewa kabisa.

Ila lililonimaliza mimi ni Cadillac Eldorado Brougham ya mwaka 1957. Bei yake dola 13,074, wakati Chevrolet ya kawaida ilikuwa dola elfu mbili na kitu. Ndani yake mama mwenye gari alikuwa anakuta chupa ya manukato, lipstiki, poda, na vikombe vyenye sumaku ili visihame mahali pake. Yaani kuna mtu alikaa ofisini Detroit akawaza: huyu dada akifika kwenye shughuli atahitaji nini? Magari ya leo yanakuuliza kama umefunga mkanda, basi. Na Elvis Presley naye akampa mama yake Cadillac ya pinki ya mwaka 1955, mama ambaye hata leseni ya udereva hakuwa nayo. Gari lile lipo mpaka leo Graceland, kule Memphis, watu wanalipia kwenda kuliangalia.

Kisha ikaja Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zikasusa kuiuzia Marekani mafuta. Galoni iliyokuwa kama senti 39 mwezi wa Mei mwaka ule ikafika senti 55 Juni mwaka 1974, na foleni kwenye vituo vya mafuta juu. Serikali ikaweka mwisho wa mwendo maili 55 kwa saa nchi nzima. Mikoko ikaanza kuonekana kama mgeni anayekula sana. Mwaka 1976 Cadillac ikatangaza kwamba Eldorado ya wazi juu ya mwaka ule ndiyo ya mwisho, haitakuwepo tena nyingine Marekani. Weee! Watu wakazigombania, zote 14,000. Wengine wakazifungia gereji bila kuziendesha, wakisubiri ziwe dhahabu. Mwaka 1984 Cadillac hiyo hiyo ikatoa Eldorado nyingine ya wazi, na baadhi ya wale walionunua wakakimbilia mahakamani. Nilicheka peke yangu jikoni. Unaambiwa hiki ni cha mwisho, unatoa akiba yote, kesho kinarudi dukani.

Mwaka 1977 General Motors ikayapunguza magari yake makubwa, urefu na uzito. Lincoln ikakomaa na ukubwa ule ule hadi mwaka 1979. Kwa hiyo gari la jirani yetu ni la mwisho mwisho kabisa wa enzi zile.

Hapo nikaona nimeshapata silaha zangu. Nikamwambia mume wangu: gari kama hili linatembea kilometa nne hivi kwa lita moja. Kwenda Galveston ufukweni na kurudi ni kama kilometa 160, hizo ni lita arobaini za kwenda kula samaki. Halafu usinidanganye kwamba ni mali na bei itapanda, kwa sababu wanaotafuta magari ya kukusanya wanataka Cadillac za 1959 za wazi, hizo ndo zinauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, si hizi za milango minne za miaka ya sabini. Na kulipeleka nyumbani usahau, usukani uko kushoto.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Umesoma vizuri mke wangu. Ila hujakaa ndani.”

Jumapili ile nikaenda kukaa ndani. Mzee mwenyewe alitufungulia mlango, mzito kama wa benki. Ni Mmarekani mweusi, ana miaka themanini na kitu, alifanya kazi bandarini hapa maisha yake yote, mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Sisi kwa heshima tunamwita Mzee, na neno lenyewe amelipenda, analitumia hata kwenye ujumbe wa simu. Nikamuuliza swali ambalo kwa kweli lilikuwa la kichokozi kidogo: kwa nini gari kubwa hivi, kwa familia ya watu wanne?

Akaanza mbali, kwenye Cadillac iliyotumika ya baba yake, miaka ya hamsini. Kila kiangazi walikuwa wanatoka Houston kwenda Mississippi kwa bibi yake. Mama anakaanga kuku usiku, anajaza maji kwenye madumu, na ndoo moja inawekwa nyuma kwa mambo ambayo sitayaeleza kwenye gazeti linalosomwa mezani. Kwa nini wasisimame njiani? Kwa sababu hoteli na migahawa mingi ya njiani haikuwa inapokea watu weusi, na kuna miji ambayo kukutwa na giza kulikuwa kuhatarisha maisha. Kulikuwa hadi na kitabu cha mwongozo, The Negro Motorist Green Book, alichoanza kukitoa mwaka 1936 Victor Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, chenye orodha ya mahali ambapo msafiri mweusi angeweza kulala, kula, kutengenezewa gari. Kilikuwepo hadi miaka ya sitini, Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi ule wa hotelini na migahawani. “Gari ndiyo ilikuwa hoteli yetu,” Mzee alisema. Yeye na dada zake wawili walikuwa wanalala kiti cha nyuma, mmoja chini miguuni, na baba anaendesha usiku kucha.

Hata kulinunua gari lenyewe kulikuwa na hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini Cadillac ilikuwa na sera ya kutowauzia watu weusi. Mweusi mwenye hela zake ilibidi amlipe mzungu aende dukani akanunue kwa jina lake. Meneja wao wa huduma, Nicholas Dreystadt, alikuwa akipita kwenye vituo vya matengenezo anashangaa kuona wateja wangapi ni weusi. Akaenda kwa wakubwa wa General Motors akawaambia, kwa maneno yangu mimi, acheni ujinga, uzeni magari. Biashara ilikuwa inakaribia kufa kwa mdororo wa uchumi, wakakubali, mauzo yakapanda. Mtaa fulani unanyimwa kununua nyumba, klabu fulani unanyimwa kuingia, lakini Cadillac ukilipa ni yako, na kila mtu anakuona ndani yake. Kwetu tungesema ni majivuno. Nilivyomsikiliza Mzee nikaona lile neno haliwatoshi.

Wakati tunaongea mume wangu alikuwa ameshaingia ndani ya Lincoln. Hakukaa kwenye usukani. Na hapa ndipo penyewe, wasomaji wangu. Kiti cha mbele cha gari lile ni kimoja, kirefu kama kochi, kutoka mlango hadi mlango. Gia haiko sakafuni, iko pembeni ya usukani. Katikati kuna pa kuegemeza mkono, unapapandisha juu panapotea, watu watatu wanakaa bila kubanana. Mume wangu aliteleza akaenda kukaa hapo katikati kabisa, magoti pamoja, mikono mapajani, anaangalia mbele. Mwanaume mzima, mwenye kitambi. Kimya.

Nikaingia nikakaa pembeni yake. Akaniambia, “Peugeot ya mzee ilikuwa hivi.”

Miaka kumi na mbili ya ndoa sijawahi kuisikia hiyo Peugeot. Ilikuwa 404, Tanga, miaka ya themanini. Wa rika langu mnazijua, zile zilizowahi kushinda Safari Rally mwaka 1963, na tena mara tatu mfululizo 1966, 1967 na 1968, halafu zikazeekea kwenye barabara zetu zikibeba machungwa na abiria. Ya baba mkwe kiti cha mbele kilikuwa kimoja na gia iko kwenye usukani vilevile. Yeye ndiye mtoto wa mwisho, kwa hiyo mahali pake palikuwa katikati, baba kulia, mama kushoto. Gari likauzwa mama alipougua. Alikuwa na miaka tisa. Baada ya hapo mama hakuwepo, na gari halikuwepo.

Sikusema kitu. Na yale maneno niliyokuwa nimeyaandaa kuhusu kilometa nne kwa lita hayakuwa na pa kwenda, ingawa bado yalikuwa kweli.

Mimi ni mdadisi, nikataka kujua kile kiti kilipotelea wapi. Hakuna aliyekiua siku moja. Magari yalipungua upana. Gia ikahamia katikati sakafuni kwa sababu watu walitaka kujiona wanamichezo, kila mtu na kiti chake kama rubani. Sheria za mikanda zikaja, New York ikiwa jimbo la kwanza, mwaka 1984, na mifuko ya hewa ya mbele ikawa lazima kwa magari yote ya modeli ya 1998, na yule wa katikati ni shida kumkinga. Kwa magari madogo ya kawaida, mwisho wa Marekani kutoa kiti cha namna hiyo ilikuwa Chevrolet Impala ya mwaka 2013. Ukitaka leo, kanunue pikapu. Mimi kama mama sililii hilo sana. Ule mkanda wa katikati kwenye Lincoln ni wa kiunoni tu, mwanangu hakai pale hata anililie vipi.

Lakini mimi nilikaa. Mzee aliomba kitu kimoja kabla gari halijauzwa, apelekwe Galveston kuona bahari, na mume wangu aendeshe. Watoto tukawaacha kwa rafiki. Mzee akachukua dirishani kwa sababu ya miguu yake, ikabidi niingie kati. Mwanzoni nilikuwa bado nimenuna kidogo, lile deni la siku tatu halijaisha. Jaribuni siku moja, jamani, kumnunia mtu ambaye bega lako limelala kwenye bega lake saa nzima. Gari lenyewe halikimbii, linaelea, kona ikija mnalaliana wote watatu, mnacheka bila kupanga. Kwenye Camry yetu kati yangu na mume wangu kuna vikombe vya kahawa, waya za chaji, risiti za wiki mbili na chupa ya dawa ya kutakasa mikono. Nikimtaka mkono naupitisha juu ya takataka.

Mzee naye akaanza kusimulia bila kuulizwa. Mkewe alikaa hapo nilipokaa mimi kwa zaidi ya miaka thelathini, hata wakiwa wawili tu ndani ya gari na dirishani kuko wazi. Isipokuwa akikasirika. Akiwa amekasirika anaingia, anakaa mlangoni, anaangalia nje. “Basi najua leo kuna kesi,” Mzee alisema. “Siongei. Naendesha tu. Maili kama ishirini hivi, nasikia kiti kinalia. Anasogea.” Akapiga kile kiti kwa kiganja, pale pale pembeni ya paja langu, mara mbili. Wanawe wamekuwa wakimwambia analililia gari. Anawaacha waamini hivyo.

Tulifika Galveston tukaegesha Seawall Boulevard kwa kuchukua nafasi za magari mawili, watu wakawa wanapita wanapiga picha. Samaki walikuwa wa kawaida, petroli mume wangu alilipa na sikuuliza kiasi.

Gari halikununuliwa na sisi. Tulilizungumza usiku ule, safari hii kwa sauti ya kawaida, na yeye mwenyewe akasema kwamba Lincoln haiwezi kumpeleka Tanga. Wiki mbili baadaye alikuja kijana mmoja na hela taslimu. Ni wa hawa vijana wa hapa Houston wa magari wanayoyaita slab: wanachukua mikoko ya zamani wanaipaka rangi inayong'aa kama pipi, wanafunga rimu za waya zinazochomoza nje kama viwiko, mfano wake ukiwa rimu za Cadillac za 1983 na 1984, na Jumapili jioni wanatembea taratibu kwenye barabara ya MLK na muziki juu. Watoto wa Mzee walikunja uso. Mzee aliuliza swali moja tu, kama kiti cha mbele kitang'olewa. Kijana akasema atakishona upya kwa ngozi nyekundu lakini hakitoki. Wakapeana mikono.

Bati limeshanunuliwa, geji 28, fundi amenitumia picha limepangwa kwenye kibanda cha mlinzi. Mume wangu sasa kila usiku yuko kwenye simu na binamu zake wa Tanga na Muheza, wanamtafutia nani ana Peugeot 404 iliyolala uani chini ya mwembe. Wameshampatia moja, haina injini, lakini eti kiti cha mbele kipo. Nimemwambia sijakataa. Bado kuna dari, kuna madirisha, na kuna choo. Baada ya choo tutaongea.